Mlezi wangu wa kitaaluma hasomi kazi yangu: nibadilishe au nivumilie?

Koti Jeupe (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni daktari, nasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Nilipangiwa profesa awe mlezi wangu wa kitaaluma. Ana jina kubwa, kila kongamano yumo. Shida ni kwamba hasomi. Rasimu ya makala yangu iko kwake tangu kitambo. Nikimwandikia naona ameusoma ujumbe, kimya. Tukikutana koridoni ni "tutaongea, dokta", huyoo kapita. Wenzangu wanachapisha, mimi nipo tu. Nifanye nini ili mzee huyu anithamini? Au niombe kubadilishiwa? Naogopa akininunia, maana jopo la mtihani naye yumo. Matusi hapana, tafadhali.

Mzee wa Wodini
Kijana, sisi walezi hatukuwa nao. Ulikuwa unamfuata bosi nyuma nyuma kwenye raundi, ukikosea unasimangwa mbele ya mgonjwa na ndugu zake, usiku unarudi kitabuni. Na ubingwa tukaupata. Kuna siku moja nilibandikwa jina la utani kwa sababu ya kusahau kipimo cha potasiamu, hadi leo wenzangu wananiita hivyo hivyo. Nyie mnataka kubembelezwa.

Dada Takwimu
Mzee wangu, shikamoo, lakini kusimangwa siyo malezi. Mwaka 2006 JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, lilitoa mapitio ya tafiti kuhusu ulezi katika taaluma ya udaktari: wanafunzi wenye mlezi hawakufika nusu, na katika baadhi ya fani wahadhiri wenye mlezi walikuwa chini ya asilimia 20. Waliofika mbali bila kushikwa mkono wapo, tunawaona. Walioacha utafiti njiani nani anawahesabu?

Mleta mada, mlipoanza mlikubaliana nini? Mkutane kila baada ya muda gani, rasimu ikae kwake siku ngapi, mwandishi wa kwanza nani? Kama hamkuandika popote, yeye hajui kama kachelewa. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Nikaacha kumtumia makala nzima. Nikawa natuma ukurasa mmoja, maswali mawili, na chini naweka: "Nisipopata jibu hadi Ijumaa nafuata njia ya kwanza." Akaanza kunijibu hata akiwa uwanja wa ndege.

Sijali Tena
Mwaka 2016, JAMA hiyo hiyo, Chopra, Edelson na Saint waliwapanga walezi wabovu katika aina sita. Yupo anayeteka wazo lako, anayekutumikisha kazi zake, na anayekumiliki asitake uonane na mwingine. Halafu wapo wabovu wa kimyakimya: anayeziba njia kwa kukalia kazi, anayekwepa ugomvi hata pale unapohitaji kutetewa, na msafiri asiyepatikana. Wako anaziba njia, au msafiri. Hama.

Mpima Mkojo
Wangu ni wote sita, inategemea kaamkaje.

Nesi Mstaafu
Mimi nimekaa na madaktari wanafunzi miaka mingi, nawajua wakificha jambo. Mwanangu, unaogopa mlezi akununie kwa lipi? Kumsubiri mtu hakumuudhi. Hiyo makala iko wapi sasa hivi?

Koti Jeupe
Mama, sijafanya baya. Nimeituma kwenye jarida. Jina lake nimeliweka la mwisho, nafasi ya heshima. Ningesubiri mpaka lini? Data zinazeeka.

Dada Takwimu
Umeituma bila yeye kuidhinisha?

Kwa miongozo ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, mwandishi anatakiwa kutimiza masharti manne. La tatu ni kuidhinisha toleo linalochapishwa. La nne, lililoongezwa mwaka 2013, ni kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Ukimweka mtu bila kumwambia hujamheshimu, umemsainia. Na kama kazi yake ilikuwa kusimamia kwa jumla tu, hilo peke yake halimfanyi mwandishi. Anatajwa kwenye shukrani, na hata huko huombwa ruhusa.

Koti Jeupe
Swali la utafiti lilikuwa wazo lake. Kamati ya maadili tulipita kwa msaada wake. Utangulizi aliusahihisha kwa wino mwekundu, kurasa zote. Sasa nikimwacha nje mtasema nimemwibia, nikimweka mnasema nimemsainia. Mlitaka niifute?

Kisu Butu
Ngojeni kwanza. Bandiko la juu "hasomi". Huku chini wino mwekundu kurasa zote. Wakuu, tunakunywa chai hapa. Halafu nani ametoka zamu ya usiku akaandika kwa nukta na mkato zilizonyooka hivi? Huyu ndiye profesa mwenyewe. Kaikuta makala yenye jina lake, kaja kutupima.

Mpima Mkojo
Profesa, kama ni wewe, yangu nayo unayo. Ile ya figo.

Mzee wa Wodini
Kama ni profesa, basi nimesimama na wewe tangu mwanzo, ushahidi upo juu.

Koti Jeupe
Mimi siyo profesa. Utangulizi aliusoma, ndiyo. Matokeo na mjadala hakugusa, na huko ndiko kuliko na kazi. Neno "hasomi" nimelitumia kwa maana hiyo.

Kisu Butu
Sawa. Basi nieleze hili. Majarida mengi ukishatuma makala, mfumo unawapelekea waandishi wote barua pepe ya kuwajulisha. Yeye hakuipata? Ama anajua na amenyamaza, ama unatunga.

Koti Jeupe
Niliweka anwani yake ya zamani. Sikuibuni, iko kwenye makala zake za nyuma. Haitumii sana.

Nesi Mstaafu
Haitumii sana, au haitumii?

Koti Jeupe
Haitumii.

Sijali Tena
Nafuta ushauri wangu wa kuhama. Wewe nyamaza tu. Makala nyingi zinakataliwa, ikikataliwa yameisha.

Dada Takwimu
Na ikikubaliwa? Kuna fomu za waandishi kusaini, nazo amsainie? Na wewe mleta mada, hiyo anwani ndiyo mbaya kuliko kutuma kwenyewe, kwa sababu inaonyesha ulijua unachofanya.

Mwambie yeye kabla ya mhariri. Ukimwandikia mhariri peke yako kuomba kuiondoa, anaweza kutaka kauli ya kila mwandishi, na profesa atazisikia habari zako kwa mgeni. Nenda ana kwa ana, usitume ujumbe. Kisha barua ya kuiondoa iende kwa mhariri, profesa awemo kwenye nakala kwa anwani anayoifungua. Mambo ya jopo na kubadilishiwa yaache kwa sasa. Baadaye tafuta mlezi wa pili wa kuongeza, mwenye muda wa kusoma, na huyu abaki na kile anachokiweza: kukufungulia milango. Watu wachache wanaweza vyote viwili.

Koti Jeupe
Nashukuru dada. Ila nafikiria, kwa nini nisisubiri maoni ya wahakiki kwanza? Yakija mazuri namwonyesha, hasira zitaisha zenyewe.

Kisu Butu
Naondoa kauli yangu ya chai. Mtunzi angekuwa ameshatubu.

Koti Jeupe
Yuko kliniki mpaka saa nane. Nikiingia naanzaje?

Nesi Mstaafu
"Shikamoo Profesa. Makala nimeituma bila wewe kujua, na anwani niliyoweka ni ile ya zamani." Hapo funga mdomo. Ukianza na data zinazeeka, umeharibu.

Mpima Mkojo
Na ukitoka muulizie ya figo.