Mgonjwa wa dimenshia (maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu) anamwulizia marehemu mama yake: aambiwe ukweli?

Swali: Wakuu, mgonjwa wetu kila jioni anamwulizia mama yake aliyekwisha fariki. Wengine wanasema asahihishwe. Tufuate lipi?

Jibu 1: Msimsahihishe. Habari haikai kichwani, ila uchungu unabaki. Kila akiambiwa anafiwa upya. Jibu hisia: "Umemkumbuka mama, eh? Alipenda kupika nini?" Kisha mpe kazi ya mikono, hata kukunja taulo.

Jibu 2: Kalenda na saa kubwa ukutani husaidia hatua za mwanzo, baadaye zinageuka mtihani. Washeni taa kabla giza halijaingia, vivuli humtisha.

Jibu 3: Akivurugika ghafla, ndani ya saa au siku chache, msisingizie dimenshia. Huenda ni maambukizi ya mkojo, choo kigumu, upungufu wa maji au dawa mpya. Hospitali siku hiyohiyo.