Nataka kununua gari la zimamoto aliloendesha baba: nitengeneze nini, niache nini?

BintiMachungwa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kutwa.

Nina siku 12 za kuamua jambo ambalo huku nilipo sina wa kumuuliza.

Nimezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge kati ya Muheza na Korogwe. Nyuma ya karakana ya shamba, chini ya mwembe, kuna gari la zimamoto. Ni Bedford ile yenye pua, injini ya petroli, silinda 6. Pampu iko nyuma, na kibati chake kinasomeka hadi leo: Coventry Climax, galoni 500 kwa dakika. Baba alianza kulihudumia mwaka 1966 akiwa na miaka 19. Kwanza alikuwa mtu wa pampu, baadaye akawa dereva, mpaka gari lilipogoma mwaka 1991. Tangu hapo halijawashwa.

Mwenye shamba wa sasa anasafisha karakana. Mnunuzi wa chuma chakavu kashapita, kalizunguka mara mbili, katoa bei ya milioni tatu na laki sita. Mwisho wa mwezi anakuja na mtungi wa gesi kulikata. Mimi nimeambiwa nikifikisha milioni nne ni langu. Hela ninayo, ni ya machungwa ya misimu miwili.

Kwa wasioujua mkonge, mtauliza shamba lilikuwa linataka zimamoto la nini. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishatoka korona, mashine ya kukamua majani, zinaanikwa, zikikauka zinaingia chumba cha brashi, na humo vumbi lake linaelea hewani kama unga. Cheche moja tu inatosha. Halafu kuna ghala la marobota, kila robota kilo 250. Baba alikuwa akisema moto wa singa hauko pale unapouona. Unamwagia maji, juu panapoa, moshi unakata, watu wanakwenda kulala, kumbe ndani robota linaendelea kuungua polepole. Nilimwona usiku mmoja, nikiwa na miaka minane. Wenzake walikuwa wameshakunja mipira. Yeye alivua glovu akawa anapita robota moja baada ya jingine, anagusa kwa mgongo wa mkono, anasikiliza, anakwenda linalofuata. Lenye joto aliamuru lifunguliwe lote, hata kama juu lilikuwa linachuruzika maji.

Sasa ana miaka 78 na presha ya macho imemaliza kuona kwake. Nilipomwambia gari linakatwa alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Ile vali ya kushoto bado imefungwa kamba?" Sikuelewa. Kesho yake nilikwenda kutazama. Kwenye shina la vali ya kutolea maji, upande wa kushoto, kuna kamba ya mkonge imezungushwa raundi nyingi chini ya nati, imekuwa nyeusi kwa grisi. Aliifunga yeye kwa sababu vali ilikuwa inavuja na spea haikuja. Bado ipo.

Kuna na jambo la rangi. Shamba lilipotaifishwa mwaka 1967, maandishi ya kampuni ya Kiingereza yalikwanguliwa mlangoni, na kwa kuwa baba alikuwa na mwandiko mzuri, akapewa kopo la rangi nyeupe aandike ZIMAMOTO na namba 2. Hiyo Z imelalia kulia, ndivyo anavyoiandika hata leo kwenye karatasi. Kila fundi niliyemuuliza ananiambia nipige msasa lote, nipulize rangi nyekundu mpya, ling'ae.

Maswali yangu ni haya. Injini iliyolala zaidi ya miaka 30 inaamka? Kabla sijalipa, pampu niikague vipi? Na huo mlango niufanyeje? Kengele ya shaba haipo, lakini najua ilipo: inaning'inia shule ya msingi niliyosoma, ndiyo inayoita watoto darasani. Nikaidai?

---

FundiMoro

Marahaba binti yangu. Bedford za pua, TJ, nimezifungua tangu nikiwa spana boi mwaka 1979. Zilianza kutoka Uingereza mwaka 1958, na huku zilibeba kila kitu, pamba, mkonge, abiria. Injini ile ni chuma kizito, haina mambo mengi. Ninavyoijua, inaamka. Inayoiua ni haraka ya mtu.

Usiruhusu mtu aguse stata. Toa plagi zote 6. Changanya dizeli na ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) nusu kwa nusu, mimina vijiko vitatu vinne kila tundu, rudishia plagi kwa mkono tu ili uchafu usiingie. Acha wiki, kila jioni ongeza kidogo. Wakati unasubiri, fungua kifuniko cha valvu juu, gonga kila valvu kwa nyundo ya mbao uone kama inashuka na kurudi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: valvu moja imenata, mtu anazungusha kwa nguvu, fimbo inapinda, halafu inasemwa injini mbovu. Wiki ikiisha toa plagi tena, gia iwe huru, chomeka hendeli mbele. Isukume kwa uzito wa mwili wako, usiipige wala kuiongezea bomba. Ikigoma, kesho tena. Ikishazunguka, mwaga oili yote kabla ya kuwasha, maana ile dizeli itakuwa imeshuka chini.

Petroli iliyobaki kwenye tangi imeshakuwa gundi. Shusha tangi lioshwe, karbureta ifunguliwe yote. Na ujue injini hii ilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Kama utaendesha mara moja moja kwa mwendo wa pole, si tatizo la leo. Lakini kichwa kikishafunguliwa, mwambie fundi aweke siti za valvu ngumu.

Usifunge betri kabla hujaangalia nyaya. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Ukiikosea unaunguza dainamo siku ya kwanza.

Breki ndizo zinazonitisha kuliko injini. Raba za silinda zote nne na za masta zitakuwa zimekauka. Usikubali litembee hata mita 100 kwa injini yake kabla hazijabadilishwa, livutwe tu. Na ngoma zikifunguliwa, lile vumbi lisipulizwe kwa kompresa. Lainingi za wakati ule zilikuwa na asbestosi. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitupe.

---

MstaafuWaMpira

Dada, nimekaa zimamoto miaka 31, tangu tukiwa chini ya halmashauri kabla ya sheria ya mwaka 2007 kuunda jeshi moja. Pampu nyingi zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo nitasema la pampu tu.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha mlango mkubwa wa kuingizia maji, ingiza mkono, papasa mapanga ya ndani kwa vidole. Yakiwa laini na kingo zimekamilika, furahi. Yakiwa na vishimo kama mdomo wa mtu mwenye meno mabovu, jua yameliwa. Halafu lala chini ya gari ushike shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda pampuni, mtu akuhakikishie pampu imetolewa gia, uzungushe. Ikizunguka kwa mkono, hata kwa shida, pampu ipo.

Nina swali la kumuuliza mzee: walikuwa wanavuta maji wapi? Kama ni bwawani, sawa. Kama siku nyingine walivuta kwenye mfereji wa maji yanayotoka korona, hayo yana asidi, yanakula chuma. Basi tangi nalo likaguliwe ndani kwa tochi, hasa kwenye maungio.

Ukishaliwasha, jaribio la kwanza lisiwe la maji. Funga milango yote, vuta hewa, tazama geji. Sindano ikishuka upesi ndani ya dakika moja, kuna mahali panapumua, na mara nyingi ni kwenye shina la vali au mpira wa kufyonzea. Pampu ya aina hii haivuti maji kama kuna hewa ndani. Kwa vitabu, maji yanaweza kupanda kama mita 10 kwa nguvu ya hewa ya nje. Kwa kazi halisi mimi sikuwahi kuitegemea zaidi ya mita 7. Mkienda bwawani, liegesheni karibu.

Kama tangi ni la galoni 400, likijaa ni kilo 1,800 za maji yanayocheza. Litembee tupu. Mipira ya turubai ya zamani iwe ya kutazama tu, ikipasuka kwa presha inavunja mguu. King'ora na taa zisitumike barabarani, hizo ni za magari ya dharura.

Kuhusu kamba ya mzee. Pakingi ya vali tangu zamani ilikuwa ni kamba ya katani iliyolowa mafuta. Mzee hakuwa amebahatisha, aliifunga kama inavyotakiwa, kwa kitu kilichokuwa kimemzunguka shamba zima. Ningekuwa wewe nisingeitoa mpaka ivuje.

Angalia pia kwenye makabati kama kuna pampu ndogo ya kubeba ya Coventry Climax. Serikali ya Uingereza iliwataka watengeneze pampu nyepesi ya watu kubeba, wakabuni injini ya sentimita za ujazo 1,020 inayoitwa FW. Wepesi wake ukawavutia watu wa mbio za magari, kampuni ikaingia huko, na injini zake ndizo zilizompa Jack Brabham ubingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960 akiwa na gari la Cooper. Mimi nilibeba moja begani ujana wangu bila kujua ukoo wake. Ukiikuta, usiiache ipimwe kwa kilo.

---

HelaNiHela

Dada yangu pole, lakini milioni nne ni mwanzo tu. Matairi sita ya inchi 20, breki, fundi, kulivuta, utafika milioni 15. Mzee anahitaji dawa kuliko gari. Chukua ule mlango peke yake na kengele, weka nyumbani, mengine yaende.

---

SeremalaPangani

Mimi ni fundi wa majahazi. Sijui injini, ila bodi za magari hayo nyingi zina fremu ya mbao ndani ya bati, na limekaa ardhini miaka 30. Chukua bisibisi nyembamba, ichome chini ya kizingiti cha kila mlango na pembe za makabati ya nyuma. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mchwa walishapita.

Usiogope. Usitoe bati lote. Toa kipande kimoja, kinakiliwe, kirudi, ndipo utoe kingine, la sivyo bodi inapoteza umbo na milango haifungi tena. Mvule utafaa, mchwa hawaupendi. Mninga ni bora zaidi kwa sababu haunywei wala kuvimba. Misumari na skrubu ziwe za shaba.

Kwa ule mlango, msasa usiusogelee. Osha kwa maji na sabuni laini, kitambaa cha pamba, bila thina hata tone. Kwanza lakini weka karatasi nyembamba juu ya herufi uzifuatishe kwa penseli, hata likitokea la kutokea mkono wake unao. Kutu ya kingo idhibitiwe kwa dawa ya kutu kwa brashi ndogo, isiguse rangi nyeupe. Kisha nta ya magari, mara mbili kwa mwaka. Gari lililobaki lipake utakavyo.

---

BintiMachungwa

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Ahsanteni, Mungu awalipe.

Kaka HelaNiHela, nimekusoma na najua umesema kwa nia njema. Dawa za baba zinanunuliwa kila mwezi na zitaendelea. Nilimuuliza kuhusu mlango peke yake. Akasema mlango haujawahi kuzima moto.

Nimelinunua. Lilivutwa na trekta kilomita 9 hadi kwetu, tukalitoa alfajiri barabara ikiwa tupu. Mapanga ya pampu ni laini, nilipapasa mwenyewe. Baba anasema mfereji wa korona waliutumia mara mbili tu, na mara zote mbili alisuuza tangi kwa maji ya bwawa usiku huohuo. Nimeingiza tochi: kutu ya juu juu ipo, tundu hakuna. Pampu ya kubeba haikuwamo, kabati lake lina kiota cha kuku. Fremu ya kushoto imeliwa yote, ya kulia ni nzima. Seremala, nitakutafuta kwa mninga.

Kengele sikuidai. Nilikwenda shuleni na majivu na ndimu, nikaisugua kama baba alivyokuwa akinituma nikiwa mdogo, mpaka ikatoa ule weupe wa manjano. Nikaiacha palepale.

Injini tumeiloweka siku 16. Jana jioni nilimtoa baba na kiti chake, nikamweka karibu na bampa. Alipapasa mlango kwanza, akaipita Z kwa kidole, akashuka hadi kwenye namba. Kijana wa jirani akachomeka hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu kikasikika kitu kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno, na hendeli ikashuka robo ya mzunguko. Kijana akataka kuendelea. Baba akainua mkono: "Mwacheni. Amesikia. Kesho."

Leo imezunguka mzima mara mbili. Sasa naomba mnisaidie raba za silinda za breki. Za nyuma nimeambiwa zipo Gerezani, Dar es Salaam, za mbele kila duka wananionyesha za TK, ile Bedford isiyo na pua. Zinaingiliana? Nina picha ya silinda yenyewe, na kipenyo cha pistoni nimekipima kwa kaliba. Nitume namba zake hapa?