Tupeane uzoefu: aiskrimu isiyo na maziwa uliyoitengeneza kwa kufuata albamu unayoipenda

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Mimi na maziwa tuliachana zamani. Nikinywa kikombe kimoja, tumbo linanguruma usiku kucha kama jenereta bovu. Kwa hiyo aiskrimu najitengenezea mwenyewe nyumbani, na juzi nikaingiwa na wazo la kichaa kidogo: kuigeuza albamu nzima iwe aiskrimu.

Albamu yenyewe ni Lemonade ya Beyoncé, ya 2016. Filamu yake imegawanywa sura 11: inaanza na kushuku, inapitia hasira, mpaka inafika kwenye msamaha na matumaini. Nikasema limau ndio msingi, hilo halina mjadala. Hasira iwe pilipili, msamaha uwe asali.

Jaribio la kwanza nililimwaga. Nilichemsha maziwa ya soya na sukari, nikakamulia limau yakiwa bado ya moto. Yakakatika palepale, mabonge huku, maji kule. Soya ya moto na limau haviivi chungu kimoja.

La pili nikatumia tui zito la nazi vikombe 2, sukari robo tatu ya kikombe, chumvi ya kubana kwa vidole na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Nikapasha hadi sukari ikayeyuka, nikaliacha lipoe, nikalilaza kwenye jokofu usiku kucha. Juisi ya limau nikaitia asubuhi, tui likiwa baridi kabisa. Pilipili ilikuwa nusu tu, ilipashwa pamoja na tui kisha nikaitoa. Asali niliizungushia juu aiskrimu ilipoanza kuganda. (Najua wapo wasiokula asali kwa sababu inatoka kwa nyuki. Hao wachemshe sukari na maji hadi iwe nzito.)

Kilichonishangaza ni ile pilipili. Ukitia mdomoni huisikii, baridi imeifunika. Unameza, unatulia, unadhani umepona, ndipo inapanda kooni taratibu. Nikasema hiyo sasa ndiyo albamu yenyewe!

Haya, nani mwingine? Leteni na yaliyoharibika, mimi nimeshaanza kujianika.

Kijiko Kirefu

Umenitonesha kidonda. Yangu ilikuwa Teenage Dream ya Katy Perry, 2010. Wenye CD za mwanzo watakumbuka kwamba kijitabu chake kilikuwa kinanukia pipi, zile za nyuzi za sukari laini kama pamba, na kwenye jalada kalala juu ya wingu la pipi hizohizo. Nikataka wingu la waridi la kula kwa kijiko.

Nikatumbukiza pipi kwenye tui. Zikayeyuka kufumba na kufumbua. Nikaongeza, zikayeyuka. Nikaongeza tena. Kwenye friza siku ya kwanza uji, siku ya pili uji. Nikadhani friza imekufa, kumbe barafu iliyokuwa pembeni ilikuwa ngumu kama jiwe! Sukari inashusha kiwango cha kuganda, na ukiijaza kupita kiasi, hata friza ya nyuzi -18 inakushindwa. Ukiipunguza mno nako unapata tofali la kuvunjia kijiko.

Iliyokubali ilikuwa ya sukari ya kawaida, vanila na matone machache ya maji ya bitiruti. Pipi niliiweka juu wakati wa kula, basi. Jambo moja tu: uonje kabla haijaganda, na iwe tamu kuzidi unavyopenda, kwa sababu ikiwa ya baridi ulimi hausikii utamu vizuri.

Mtu wa Redio

Samahani jamani, hivi albamu ina ladha? Si mle tu aiskrimu huku mnasikiliza muziki?

Mleta uzi

@Mtu wa Redio nimeshakujua, wewe ndiye unayekula chakula bila chumvi.

Zambarau

Jina langu limeshanisaliti. Purple Rain ya Prince, 1984.

Mimi situmii nazi, nasaga korosho zilizolowekwa usiku kucha hadi zilainike kama krimu. Nikachemsha zabibu nyeusi na maganda yake, nikachuja, nikachanganya. Ikatoka zambarau ya kifalme, nikapiga na picha. Kuonja, nikaona imepooza. Nikakamulia limau. Mbele ya macho yangu ikageuka waridi! Rangi ya zabibu nyeusi inafuata asidi, ikikutana na limau inaelekea wekundu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi kwa ujuaji nikatia magadi soda ili kuirudisha. Ilirudi kweli, ila ikapitiliza, ikawa bluu ya kijivu yenye ladha ya sabuni. Mvua ya kufulia.

Siku hizi limau silitii kabisa. Nachuja zabibu mara mbili na kuongeza chumvi kidogo, ladha inaamka yenyewe.

Halafu tusisahau mzio. Mgeni wangu mmoja alisikia "haina maziwa" akachukua bakuli, bahati nzuri akauliza kuna nini ndani kabla ya kijiko cha kwanza. Korosho hali. Nilitetemeka mimi kuliko yeye. Na wanaotia chokoleti nyeusi, someni pakiti, baadhi zina maziwa.

Sina Mashine

Mnaongelea friza na mashine, sisi wengine tuna mikono tu. Tui lenye sukari kwenye mfuko mdogo, unafunga vizuri. Mfuko mkubwa unajaza barafu na chumvi ya mawe, unaingiza mdogo ndani, unavaa glovu, unatikisa. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke huku ikizidi kuwa baridi, inaweza kushuka hadi karibu nyuzi -21. Ndiyo maana glovu si mapambo.

Natikisa kwa kufuata mdundo. Nyimbo tatu nne za kuchezeka na imeshashika. Niliwahi kujaribu na albamu ya nyimbo za kubembeleza, mkono ukapoa na tui likabaki tui.

Tabaka kwa Tabaka

Albamu yangu siitaji, mtanicheka. Ina nyimbo 10, nikataka ladha 10 kwenye chombo kimoja, kila wimbo na tabaka lake. Tatizo nilimwaga la pili kabla la kwanza halijashika, vyote vikawa kitu kimoja cha rangi ya udongo. Mara ya pili nikawa nasubiri kama dakika 45 kati ya tabaka na tabaka, nikamaliza saa nane usiku. Na baada ya ladha ya nne ulimi ulikuwa umekufa ganzi, hakuna aliyejua tuko wimbo gani.

Sasa hivi natengeneza tatu tu: wa kufungulia, ule ninaorudiarudia, na wa kufungia.

Mtu wa Redio

Huo unaorudiarudia ulikuwa na ladha gani?

Tabaka kwa Tabaka

Ndizi iliyogandishwa na kusagwa kwenye blenda, bila kitu kingine. Inatoka laini utadhani ina krimu.

Mtu wa Redio

Ndizi ninazo.

Mleta uzi

Nimerudi. Nimejaribu ile ya mifuko ya @Sina Mashine. Wimbo wa pili mambo safi, wa tatu mambo safi, wa nne mfuko mdogo ukapasuka. Lemonade yangu imeingia chumvi yote. Mwenye kujua hasira ya namna hiyo ni sura ya ngapi aniambie.