Mifupa ya dinosaria imebaki saba: nitafute wapi tena katika Red Dead Redemption 2?

Kijana_wa_Katuba aliuliza:

Salamu kwenu wakubwa na wadogo. Ninaandika kutoka Lubumbashi. Ninacheza Red Dead Redemption 2 kwenye PS4, ile ya diski mbili, ambayo niliinunua kwa jirani aliyekuwa ameichoka, na hadithi yenyewe nimeifikisha sura ya nne. Lakini tangu nilipokutana na yule mama mtafiti, Deborah MacGuiness, pale Firwood Rise, akaniomba nimtafutie mifupa 30 ya dinosaria, hadithi imelala na mimi nimegeuka mchimbaji.

Nimekwisha kupata 23. Katika daftari la hesabu la mdogo wangu nimechora ramani kwa biki, kila jimbo na ukurasa wake: Ambarino, New Hanover, Lemoyne na West Elizabeth. Mahali nilipokwisha kupita napiga mistari, na sasa kurasa zote nne zimejaa mistari hata majina ya mito hayasomeki. Juma la tatu hili sijaona hata ubavu mmoja.

Naomba mnielekeze ile saba iko upande gani. Pia naomba ushauri juu ya kadi za sigara: je, ni bora kuzitafuta au kuzinunua dukani? Tafadhali mnionyeshe njia tu, hadithi msinisimulie.

Yaya_wa_Kamalondo alijibu:

Mdogo wangu, daftari lako halina kosa ila linakosa ukurasa wa tano. Fungua ramani ya mchezo, shuka kusini-magharibi kupita Blackwater, na utaona nchi kubwa ambayo bado imefunikwa. Hiyo ni New Austin, jimbo la jangwa, na baadhi ya mifupa unayoitafuta imelala huko. Hata ungezunguka Ambarino mpaka farasi azeeke, Arthur, huyo mhusika unayemwongoza sasa, hawezi kukamilisha 30.

Sababu umekwisha kuisikia tangu mwanzo wa hadithi, kwa hiyo sikuharibii kitu: mwaka huo wa 1899 genge la Dutch lilijaribu kuiba kwenye kivuko pale Blackwater, mambo yakaharibika, na tangu hapo Arthur anatafutwa huko awe hai au maiti. Ukikaribia, walinzi wa sheria wanakumiminikia. Ukiwakwepa na kusonga mbele ndani ya jangwa, risasi inatoka kwa mtu ambaye hata humwoni, na unajikuta umekufa. Mimi nilijaribu mara nne kwa kiburi, mara moja kwa mtumbwi, na mara zote nne nilirudi mikono mitupu.

Hata hivyo, usidhani kwamba yote saba iko New Austin. Huenda miwili au mitatu umeipita mwenyewe karibu kabisa, kwa sababu mistari yako ya biki inaonyesha mahali farasi alipopita, lakini haisemi macho yako yalikuwa wapi. Ile mingine iache. Maliza sura ya sita, ingia katika hitimisho, na njia ya jangwani itakuwa wazi. Hesabu yako haitaanza upya, ulichokusanya kinabaki.

Fundi_Nguba alijibu:

Kutoka Bukavu nakusalimu, ndugu. Yaya amesema kweli: vumilia tu mpaka uwe John Marston, hapo utazunguka New Austin bila mtu kukugusa.

Kuhusu kadi, hesabu ndiyo hii. Ziko 144, yaani seti 12 zenye kadi 12 kila moja, na mwenye kuzitaka ni Phineas Ramsbottom, yule bwana wa kituo cha Flatneck. Pakiti ya sigara bora dukani ni dola 5 na ndani yake mna kadi moja. Kama kila pakiti ingekuletea kadi mpya, ungetumia dola 720 ukamaliza kazi. Lakini kadi hujirudia, na kadiri unavyokaribia mwisho ndivyo zinavyojirudia zaidi. Mimi nilianza kununua kwa pupa, nikajikuta nina rundo la farasi wale wale huku seti ya uvumbuzi ikiwa na matundu matupu. Kwa hiyo nunua mwanzoni, wakati karibu kila kadi ni ngeni kwako, kisha zilizobaki uzitafute kwa miguu kwenye meza, madirisha na vibanda.

Fedha isikusumbue. Fuata ramani za hazina za genge la Jack Hall: ni karatasi tatu, na ya mwisho inakupeleka kwenye kisiwa kidogo cha ziwa O'Creagh's Run, ambako utakuta mapande mawili ya dhahabu. Mnunuzi wa mali ya wizi hulipa dola 500 kwa pande moja. Hiyo ni elfu moja, na sigara zako zimelipwa.

Mwalimu_Ndosho alijibu:

Ndugu Fundi, kijana ameomba kwa heshima asisimuliwe hadithi, na wewe katika sentensi yako ya pili umekwisha kumtajia atakayekuwa nani. Yaya alizunguka jambo hilo kwa uangalifu mkubwa, ukalimwaga.

Fundi_Nguba alijibu:

Naomba radhi, Mwalimu. Nilidhani aliyecheza ule mchezo wa 2010, Red Dead Redemption ya kwanza, anamjua John tangu zamani.

Mwalimu_Ndosho alijibu:

Huenda hakuucheza. Tuendelee.

Kijana, niongeze neno kuhusu namna ya kutazama, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Wengi wetu tunategemea Jicho la Tai, tunabonyeza vijiti viwili vya maneti kila baada ya hatua kumi na kungoja kitu king'ae. Jicho hilo ni zuri kwa nyayo za wanyama na kwa mitishamba. Mifupa mimi huitafuta kwa macho ya kawaida, tena mchana na siyo jioni, kwa sababu rangi yake ni ya kijivu kilichofifia na jua likishuka haitofautiani na jiwe. Shuka juu ya farasi. Tembea polepole kwenye migongo ya vilima na penye miamba mitupu, halafu tafuta umbo lisilo la jiwe: mstari wa mbavu zilizopangana, au fuvu ambalo nusu yake imezama ardhini. Sisi wa Goma tunaokanyaga mawe ya volkano kila siku tungepaswa kuwa mabingwa, lakini hata mimi nilisimama juu ya uti wa mgongo mzima nikidhani ni mwamba.

Jambo hili waandishi wa mchezo hawakulitoa hewani tu. Katika miaka ya 1870 na 1880 watafiti wawili wa Marekani, Othniel Marsh na Edward Cope, walishindana kuchimba mifupa ya dinosaria magharibi mwa nchi hiyo, wakapelelezana na kutukanana magazetini mpaka wote wawili wakamaliza mali zao. Mama Deborah ni wa ukoo huo huo wa watu.

Na wakati unasubiri New Austin, usikae bure. Kuna vitega-ndoto 20 vinavyoning'inia mitini, ambavyo asili yake ni kwa Waojibwe. Kila unachokipata kinawekewa alama kwenye ramani, na ukikamilisha vyote, unganisha alama hizo kwa kidole: utaona picha ya nyati. Michoro 10 ya miamba anayoitaka Francis Sinclair, yule kijana mwenye kibanda upande wa Strawberry, ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa mingine iko kwenye kingo za majabali na nimeanguka huko mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Yaya_wa_Kamalondo alijibu:

Naongeza moja. Ukipata mfupa, hifadhi mchezo kwa mkono papo hapo, usingoje ujihifadhi wenyewe. Unajua umeme wa mtaani kwetu. Mimi nilipoteza kadi tatu jioni moja kwa sababu nilitaka kwanza nimalize kuchoma nyama kambini.

Kijana_wa_Katuba alijibu:

Nawashukuru sana, na Fundi asijali, jina la John nimelisikia kambini kila siku, sasa nitamtazama tu kwa jicho lingine.

Jana asubuhi nilifanya kama Mwalimu alivyoelekeza. Nilirudi Ambarino, kwenye mgongo wa mlima ambao daftarini nilikuwa nimeupiga mistari mara mbili, nikamfunga farasi chini na kupanda kwa miguu. Hatua chache kutoka njia niliyokuwa nikipita kila siku kwa mbio, mbavu zilikuwa zimetokeza kwenye jiwe kama meno ya kitana. Ni wa 24. Nimehifadhi kabla hata Arthur hajamaliza kuuchora, na dakika ishirini baadaye umeme ulikatika kweli.

Kwa ile sita iliyobaki nitapita vilima vilivyosalia mara moja tu, kwa miguu, kisha narudi kwenye hadithi. Dutch ananisubiri kambini Shady Belle na mpango wake tangu mwezi uliopita.