Leseni za programu kila moja inaisha na tarehe yake, nizipange ziishe pamoja au niziache? Naomba ushauri

mtunza_leseni (mtoa mada):

Habari zenu wakuu. Hapa ofisini nimekabidhiwa leseni zote za programu nizisimamie, zamani kila idara ilikuwa inajinunulia yake, sasa zimeletwa kwangu zote na nikizipanga kwenye Excel naona programu ishirini na kitu na hakuna mbili zinazoisha siku moja. Kuna imeili, antivairasi, programu ya uhasibu, ya kuchora na kuhariri video, ya mikutano, bakapu ya mtandaoni, yani kila mwezi kuna kitu kinaisha na kila mwezi napeleka maombi ya malipo kwa mhasibu.

Kinachoniumiza zaidi ni kampuni moja ambayo tumenunua kwao mara tatu, leseni 30 zinaisha mwisho wa Machi, 12 zinaisha mwisho wa Julai, na 5 zilizoongezwa kwa ajili ya mradi zinaisha mwisho wa Novemba. Nikiomba punguzo naambiwa idadi yako ndogo, wakati ukijumlisha ni 47.

Wazo langu ni kuzisogeza zote ziishe 31 Desemba, tunakaa mezani mara moja kwa mwaka tunajadili bei tunalipa tunamaliza. Bosi kalipenda sana. Sasa nauliza, hizi kampuni zinakubali? Na kile kipindi cha kusogeza tarehe nitakuwa nalipa mara mbili? Waliowahi kufanya naombeni uzoefu. Nawasilisha.

MzeeMikataba:

Mkuu wazo lako ni zuri ila usilichukue lote kama lilivyo, nitarudi kwenye hiyo Desemba.

Kuhusu kukubali, wanakubali, kwa leseni za kampuni moja hili ni jambo la kila siku, mwambie wakala wako unataka ko-tem ataelewa hapohapo. Maana yake leseni inapewa muda mfupi au mrefu kuliko kawaida ili iishe sambamba na zenzake, na unalipia siku hizo tu. Bei ya mwaka gawanya kwa 365 zidisha kwa siku unazohitaji. Tuseme programu ni 7,300 kwa mwaka, inaisha 31 Machi na unataka iishe 30 Juni, hapo ni siku 91, kila siku ni 20, unadaiwa 1,820 basi. Hakuna kulipa mara mbili. Akikuletea kwotesheni kubwa kuliko hiyo muulize bei ya siku moja kaitoa wapi, na usikubali jibu la "mfumo ndo umetoa hivyo".

Wengine mfumo wao unafanya hivyo wenyewe. Adobe kwenye VIP, mpango wao wa kuuzia makampuni leseni nyingi, akaunti ina tarehe moja ya mwaka, leseni yoyote ukiiongeza katikati inahesabiwa mpaka tarehe hiyo. Microsoft ukinunua kwa wakala, unapochukua sabskripsheni mpya unaweza kuchagua iishe pamoja na nyingine uliyonayo au iishe mwisho wa mwezi, lakini hiyo ni wakati wa kununua au wa kuhuisha, katikati ya mkataba huwezi kuisogeza, na ukishanunua una siku 7 tu za kufuta au kupunguza idadi, zikipita umebaki nazo mpaka mwisho. Cisco Meraki, wale wa vifaa vya mtandao, kwenye mfumo wao wa ko-tem ndo wamekwenda mbali kabisa, ukiongeza leseni moja tarehe ya mwisho ya leseni zote inapigwa hesabu upya kwa wastani, kwa hiyo tarehe yenyewe inahama kila ukinunua kitu. Wasiojua wanashtuka kuona tarehe imesogea mbele au imerudi nyuma.

pembeni_nasikiliza:

Nimeweka kambi hapa, na mimi nina mzigo huohuo.

dada_wa_hesabu:

Naongea kama mtu wa fedha. Kaka yangu hiyo 31 Desemba usiiguse. Kwanza unataka kulipa programu zote za mwaka kwa mkupuo mmoja, umeongea na mhasibu wako kama hela hiyo itakuwepo siku hiyo? Malipo yaliyotawanyika yanakukera wewe ila kwake yanamsaidia kupumua. Pili mwisho wa Desemba watu wako likizo, mwenye kusaini hayupo, wakala hapokei simu, na hesabu za mwaka zinafungwa. Programu ya kwanza kukatika itakuwa ile ambayo saini yake ilikosekana.

Mimi ningekushauri tarehe mbili au tatu kwa mwaka, na ziwe mwezi mmoja au miwili baada ya bajeti mpya kupitishwa, ili unapojadili tayari unajua una kiasi gani. Na kabla hujasogeza chochote mletee mhasibu jedwali la miezi 12 linaloonyesha kila mwezi utalipa nini kabla na baada ya kupanga, maana mwaka wa kwanza ndo mgumu, kuna mwezi utalipa vipande vya kufidia juu ya malipo ya kawaida na asipojiandaa atakuona msumbufu.

mwana_klaudi:

Kwa nini msichukue zote za mwezi kwa mwezi? Hakuna mkataba wa mwaka, hakuna tarehe ya kukumbuka, hutaki unaacha.

MzeeMikataba:

@mwana_klaudi uhuru huo unaulipia ndugu. Microsoft kwa mfano, sabskripsheni ya mwezi kwa mwezi ni ghali kwa asilimia 20 kuliko ya mwaka, na tangu Aprili 2025 hata ukifunga mkataba wa mwaka lakini unalipa kidogokidogo kila mwezi wanakuongezea asilimia 5. Ya mwezi ni nzuri kwa vibarua na miradi mifupi, au kama daraja la kuvuka miezi michache mpaka ufike tarehe unayoitaka. Watu 47 wa kudumu huwezi kuwaweka huko.

Sasa mtoa mada, hapa ndo nilitaka kufika. Kuzipanga leseni za kampuni moja ziishe pamoja kunakupa nguvu ya bei, kwa sababu anayekuuzia anaiona 47 badala ya 30 na 12 na 5. Lakini kupanga kampuni ishirini tofauti ziishe siku moja hakukupi punguzo lolote, muuza antivairasi hajali mkataba wako wa bakapu unaisha lini. Unachopata ni kalenda inayopendeza macho na wewe kujikuta unajadili mikataba ishirini ndani ya wiki mbili, na ukiwa na haraka hivyo unasaini chochote wanacholeta. Kama unanunua vitu vya kampuni nyingi kwa wakala mmoja hapo kidogo kuna maana, mpe vyote pamoja akupunguzie kwenye faida yake.

Kuna kundi jingine ambalo watu hawalifikirii, nalo kwangu ndo la muhimu kuliko yote, programu zinazoshindana. Una programu ya mikutano na wakati huohuo kifurushi chako cha imeili kina mikutano ndani yake? Hizo mbili zipange ziishe pamoja. Zikiachana miezi sita, kila moja inapofika mwisho unasema "tuhuishe tu kwa sababu ile nyingine bado ina muda", mwaka unaofuata hivyohivyo, na unalipia zote mbili miaka yote. Zikiisha siku moja unaweza kusema kweli nabaki na hii naiacha ile, na muuzaji anajua unaweza. Bei inashuka pale anapoamini unaweza kuondoka, tarehe peke yake haimtishi mtu.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni kampuni moja kwanza, halafu washindani, na zilizobaki ziache zilipo.

mtunza_leseni:

Asanteni sana, dada_wa_hesabu nimekuelewa, Desemba nimeifuta. Nimeongea na wakala wa zile 47, kasema anaziunganisha bila shida ila niingie mkataba wa miaka mitatu na bei iwe ya sasa, sio ile ya zamani tuliyonunulia. Nimkubalie? Anasema ofa inaisha Ijumaa.

Wakili_wa_Jedwali:

Usikubali Ijumaa hii. Amechukua ombi lako dogo la tarehe akaligeuza kuwa biashara mpya, hayo ni mambo mawili tofauti na uyatenganishe kwa maandishi. Mwandikie kwamba unaomba tarehe zilingane, bei ya leseni moja na punguzo vibaki vilevile, na suala la miaka mitatu tutalizungumza peke yake.

Halafu wadogo wamfuate mkubwa. Leseni 30 zinaisha Machi, usiziguse. Zile 12 zikifika mwisho wa Julai unazihuisha mpaka 31 Machi tu, ni siku 243. Zile 5 zikifika mwisho wa Novemba unazihuisha mpaka Machi, siku 121, na hapo kwanza uliza kama huo mradi bado upo, kama umekwisha ziache zife zenyewe. Ukifanya hivi hela inayotoka kwa ajili ya kupanga ni ndogo kabisa, ila ungelazimisha zile 30 zifuate 5 ungelipia kipande kirefu kwa watu wengi bila sababu. Kama kampuni haiuzi chini ya miezi 12, basi hizo 12 zichukue kwa miezi 20 na hizo 5 kwa miezi 16, zote zitaangukia Machi ileile.

Na kwenye imeili hiyohiyo omba mambo mawili zaidi. Bei ihesabiwe kwa daraja la punguzo la leseni zote 47 kuanzia sasa, isisubiri mpaka zikutane, na ongezeko la bei mkihuisha liwe na ukomo ulioandikwa, anza kwa asilimia 3, mkimalizia kwenye 5 bado umepata kitu. Ukomo huo ndo utakaokulinda baadaye, maana ukishaziweka zote kwenye tarehe moja na wao wanapata nafasi ya kupandisha zote kwa siku moja.

Kuhusu Ijumaa, ofa za namna hiyo mara nyingi zinafuata kalenda ya muuzaji mwenyewe. Angalia mwaka wake wa fedha unafungwa lini. Oracle ni 31 Mei, Microsoft 30 Juni, Salesforce 31 Januari, SAP 31 Desemba. Wiki za mwisho kabla ya tarehe hizo watu wa mauzo wanatafuta kufikisha malengo yao na utasikia sauti tofauti kabisa. Huhitaji leseni yako iishe siku hiyo, unahitaji mazungumzo yako yawe yameiva kipindi hicho.

dada_wa_hesabu:

Naongezea, kwenye hilo jedwali lako usiweke tarehe ya kuisha peke yake, weka safu ya tarehe ya notisi. Mikataba mingi inajihuisha yenyewe usipotoa taarifa siku 30, 60 au hata 90 kabla. Mkataba unaoisha 31 Machi wenye notisi ya siku 90, siku yako ya mwisho ya kusema hapana ni 31 Desemba, yani unarudi kwenye likizo ileile niliyokukataza. Panga kwa kuangalia notisi, sio mwisho wa mkataba, na kikumbusho kwenye kalenda kiwe mwezi mmoja kabla ya notisi, kiende kwa watu wawili, ili mmoja akiumwa au akihama kazi mwingine akione.

mtunza_leseni:

Hilo la notisi nimelicheki sasa hivi kwenye mikataba mitano ya mwanzo, mitatu inajihuisha yenyewe, mmoja ni siku 90 kabisa na hakuna aliyekuwa anajua hapa ofisini. Nimeshamwandikia na wakala, nimetenganisha mambo kama Wakili_wa_Jedwali alivyosema, kajibu kwamba bei ya zamani anaweza kuishika kwa hizo 12 na 5, la ukomo wa asilimia anapeleka kwa wakubwa zake. Mikutano na imeili nitazipanga ziishe pamoja mwezi wa tano.

Swali la mwisho, majina ya domeni na vyeti vya SSL (vile vya usalama wa tovuti) navyo niviingize kwenye hizo tarehe?

MzeeMikataba:

Hapana hivyo viache kabisa nje. Domeni haina cha kujadili bei, ni kitu kidogo lakini ikikatika imeili na tovuti vyote vinalala, ilipie miaka mingi mbele, nyingi zinaruhusu mpaka miaka 10, weka ijihuishe yenyewe na hakikisha imeili ya taarifa sio ya mtu aliyekwishaondoka kazini. Vyeti ndo usithubutu kuvipanga kwa kalenda, muda wake unafupishwa, vinavyotolewa kuanzia 15 Machi 2026 ukomo ni siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 ni siku 100, na kuanzia 15 Machi 2029 ni siku 47. Vyeti mwambie anayeshika seva aweke mfumo wa kuvibadilisha wenyewe, wewe baki na mikataba. Na huo wa notisi ya siku 90 ni upi na unaisha lini? Uandikie barua ya kusitisha kujihuisha wiki hii, kusitisha hakukulazimishi kuacha programu, bado unaweza kuihuisha kwa hiari yako mkielewana bei.