Boksi mbili za katuni za zamani za mapenzi na za vijana: nichague zipi, na nizitunzeje masika?

Mdau_Sakina:

Wakuu, habari za leo. Kuna muuza vitabu vya mitumba hapa Arusha, upande wa Kilombero, ana boksi mbili za katuni za Kimarekani za vijana na za mapenzi: Archie, Betty and Veronica, Josie, pamoja na rundo la Secret Hearts, Girls' Love Stories na Young Romance. Jumla ni kama 140. Zaidi ya nusu ni zile ndogo za kushika kiganjani. Zilizobaki ni za ukubwa wa kawaida, bei za jaladani kuanzia senti 12 hadi 35. Yeye anauza 2,000 kila moja, iwe nzima au imechoka, na hapunguzi. Fedha niliyonayo inatosha 40 tu.

Nianze na zipi? Nikague nini palepale mezani? Nyingine zina kutu kwenye pini na harufu ya ukungu, je, zinaokoleka? Na nyumbani sina kabati la maana, masika ndiyo hayo yanakuja.

Karatasi_Kuukuu:

Mkuu, zile ndogo ziweke pembeni kwanza. Hizo ni daijesti. Archie walianza kuzitoa 1973, na sehemu kubwa ya yaliyomo ni hadithi zilizokwisha kuchapishwa miaka ya nyuma. Kwa kusoma ni tamu kabisa, ila bado zimejaa duniani. Fedha yako iende kwenye zile zilizobanwa kwa pini mbili.

Ukishazitenga, fungua ukurasa wa kwanza usome maandishi madogo ya chini kabisa. Wakati mwingine yako upande wa ndani wa jalada la mbele. Hapo kuna jina kamili, namba ya toleo, mwezi, mwaka na mchapishaji. Ukikuta Close-Up, Inc. au Radio Comics mahali ulipotegemea Archie, usishtuke, ni nyumba ileile.

Kama maandishi hayo yamechanika, bei ya jaladani inakupa makadirio. Senti 10 inaishia karibu na mwisho wa 1961, 12 inakwenda hadi 1969, 15 inafuata hadi 1971 hivi, halafu zinapanda haraka, na 35 ni ya karibu 1977. Angalia na unene, maana matoleo manene ya miaka ya 60 yaliuzwa senti 25 na mtu huyadhania ni ya 1975. Muhuri mdogo wa Comics Code juu ya jalada (kibali cha maadili cha wachapishaji wa katuni wa Marekani) ulianza 1955. Katuni ya Archie au ya mapenzi ya senti 10 isiyo na muhuri huo, karibu kila mara ni ya kabla ya hapo. Ukiipata usiirudishe bokseni. Ukiona muhuri wa wino wenye T & P na bei ya peni, mfano 9d, huo ni wa Thorpe & Porter, wasambazaji wa Uingereza. Nakala yenyewe ni ya Marekani, imepita Uingereza tu.

Sasa hesabu kurasa. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Toleo la kawaida la miaka ya 60 na 70 lina karatasi 8 zilizokunjwa, yaani kurasa 32, ukiacha jalada. Fungua katikati: lazima uone pini zote mbili, na hadithi iendelee vizuri kutoka ukurasa wa 16 kwenda wa 17. Karatasi ya katikati ndiyo huchomoka kwanza na kupotea. Halafu pitia matangazo ukitafuta kuponi zilizokatwa. Kwenye Katy Keene na Betty and Veronica tazama pia kurasa za nguo na wanasesere wa karatasi, kwa sababu zilichorwa zikatwe, na wasichana walizikata kweli. Mkasi ukipita kwenye kuponi, mara nyingi umekata na kipande cha hadithi iliyo nyuma yake.

Kama theluthi ya juu ya jalada haipo, hiyo haikuchanwa na mtoto. Muuza magazeti alikuwa anararua sehemu yenye jina na kuirudisha kwa msambazaji ili adaiwe pungufu, kisha kilichobaki kikauzwa kwa bei ya kutupa. Chukua kwa kusoma tu.

Za kuwinda: mimi ningeanza na za mapenzi kabla ya Archie. Aina hii ilianzishwa na Joe Simon na Jack Kirby kwa Young Romance ya 1947, ikafa mwaka 1977, na kwa miaka mingi wakusanyaji walikuwa wanakimbilia mashujaa wenye nguvu za ajabu, hivyo hizi zilisomwa, zikaazimwa, zikatupwa. Secret Hearts namba 83 ya Novemba 1962 ikague mara mbili: picha yake moja ndiyo msanii wa Kimarekani Roy Lichtenstein aliyoigeuza mchoro wake wa msichana anayezama, 1963. Na ikitokea, hata jalada likiwa limechoka, ukakutana na Teen-Age Romances za kampuni ya St. John zilizochorwa na Matt Baker, funga mazungumzo ulipe. Baker alikuwa Mmarekani mweusi aliyechora mapenzi kwa mkono safi kuliko karibu wote wa enzi yake, akafariki 1959.

Upande wa Archie, namba tatu ziandike kwenye simu: Archie's Madhouse 22 (Oktoba 1962, Sabrina, yule msichana mchawi, anatokea kwa mara ya kwanza), Josie 45 (Desemba 1969, jina linageuka kuwa Josie and the Pussycats) na Betty and Veronica 320 (Oktoba 1982, Cheryl Blossom anaingia). Hiyo ya mwisho ni ya senti 60, kwa hiyo usiipite ukidhani bei kubwa ina maana kitabu ni kipya mno.

Dada_wa_Moshi:

Kaka, mwenzangu amemaliza upande wa kuchagua. Mimi niseme ya maji na wadudu.

Karatasi hizi ni za magazeti, zina tindikali ndani yake, zinajila zenyewe hata ukizifungia. Joto na unyevu vinaharakisha. Huku Moshi tuna joto kuliko Arusha, ninyi mna ukungu wa asubuhi Juni na Julai, hakuna aliyesalimika. Lengo ni unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Kipimo kidogo cha kidijitali kitakuonyesha ukweli.

Zenye harufu ya ukungu zitenge siku hiyohiyo, zisilale na nyingine. Zianike kivulini penye upepo, zikiwa zimesimama na kurasa zimeachana kidogo, siku 2 au 3. JUANI HAPANA, jua linafubaza wino mwekundu na kuifanya karatasi iwe ya njano. Zikikauka kabisa, nenda nje, vaa barakoa, ufagie ukungu kwa brashi laini ya rangi, kutoka mgongoni kuelekea ukingoni. Ukifagia ukungu mbichi unaupaka tu. Harufu iliyobaki: ndoo yenye kifuniko, bakuli la mkaa mkavu chini, waya au kichujio juu yake, katuni juu ya waya zisiguse mkaa. Wiki 2.

Wadudu: funga kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, weka friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukifungua ingali baridi, umande unatua kwenye karatasi na umejitengenezea ukungu mpya.

Kutu ya pini: iache. Ukichomoa pini za zamani na kubana mpya, umeondoa kitu cha asili na tundu linapanuka. Ingilia tu kama kutu imeanza kula karatasi. Selotepu usiitumie kabisa. Gundi yake inahamia kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka.

Kava: duka la steshenari lina makava ya plastiki ya A4. Chagua yenye alama ya pembetatu namba 5 au herufi PP. Yale laini yenye harufu kali ni PVC, yanatoa kemikali na kunata kwenye wino. Katuni ya miaka ya 60 ina upana wa sentimita 18 na urefu 26.7, inaingia kwenye A4 na nafasi inabaki. Daijesti inatosha kwenye A5. Nyuma yake weka manila iliyokatwa kwa kipimo cha kava, lakini kati ya manila na katuni weka karatasi 2 nyeupe za fotokopi. Manila nyingi zina tindikali, na karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi zina kalsiamu kabonati inayoipooza. Badilisha karatasi hizo kila baada ya miaka michache, au mapema zaidi zikigeuka rangi.

Zisimamishe kwenye boksi, zisilale. Zijae kiasi cha kutoinama, ila mkono uingie bila kusukuma. Boksi likae juu ya mbao, sentimita 10 kutoka sakafuni na mbali na ukuta wa nje.

Mdau_Sakina:

Asanteni sana, kaka na dada. Moja tu: chini ya boksi la pili kuna Sani kama 15, za Kiswahili, hazina thamani kwa mkusanyaji wa aina hii?

Karatasi_Kuukuu:

Mkuu, chukua zote 15, hata ukilazimika kuacha Archie 15 za senti 35! Ndumilakuwili, Kipepe, Lodi Lofa na Madenge ndio vijana wetu wa vichekesho. Archie ya 1977 utaipata tena kesho. Sani iliyokamilika, yenye jalada, ambayo haikufungiwa karanga, ni nadra kuliko unavyodhani. Kurasa zihesabu vilevile, na zitunze kwenye boksi lake peke yake.

Dada_wa_Moshi:

Naunga mkono. Ila kabla hujaziweka kwenye A4 pima kwanza, ukubwa wa majarida ya hapa haulingani na wa Kimarekani. Ikizidi kava hata kwa nusu sentimita usilazimishe, tumia kava la A3 ukunje ziada kwa nyuma.