BBC Micro: EPROM ya dirisha, W27C512 au 28C256?

Mrima_Leicester
Wakuu, salaam. Nimepata BBC Micro Model B, kompyuta ya miaka ya 80, kwenye gulio la Jumapili hapa Leicester. Inawaka, inalia bu-biip yake, BASIC, lugha yake ya programu, inakuja. Ila kwenye soketi moja ya ROM (chipu za programu za kudumu) kuna EPROM, chipu inayofutwa kwa mwanga wa UV kupitia dirisha lake, yenye stika ya kalamu, "Geog 3", na mashine haiioni kabisa. Nikiandika *HELP, amri inayoorodhesha ROM zilizopo, haitajwi. Nadhani imekufa. Nataka chipu mpya za programu za KB 16 na nimekwama kwenye tatu: 27C128 ya dirisha, W27C512 na 28C256. Nina TL866II Plus, kifaa cha kusoma na kuandika chipu; taa ya UV ya kufutia sina. Ipi itadumu? Nawasilisha.

fundi_bodi
W27C512 mkuu, usijisumbue. Inafutwa kwa umeme, sekunde chache unaandika upya. 27C128 ukikosea baiti moja ni dakika 15 hadi 20 chini ya taa, na taa yenyewe huna.

Kuhusu kuweka W27C512 yenye KB 64 kwenye soketi ya KB 16: nakili faili lako mara nne mfululizo ndipo uandike. Soketi imetengenezwa kwa 27128, ambayo mguu wa 1 na wa 27 hukaa kwenye volti 5. Kwa W27C512 miguu hiyo ni A15 na A14, yaani miguu ya anwani inayochagua robo ya kusomwa, kwa hiyo mashine inasoma robo ya mwisho tu. Mimi niliweka programu robo ya kwanza, nikakesha nikilaumu bodi.

pini28
Nakubali nusu. W27C512 nyingi za mtandaoni zimetolewa kwenye bodi chakavu, zikapigwa msasa na kuandikwa jina upya. Kati ya kumi nilizoagiza, mbili ziligoma kufutika.

Ya kukaa miaka mingi mimi naweka ya dirisha, nabandika stika isiyopitisha mwanga. Karatasi nyeupe haitoshi. Intel wenyewe walionya kwamba jua la moja kwa moja linaweza kuifuta kwa wiki moja hivi, na taa za tyubu kwa miaka 3 hivi. Na soma jina lote: 27128 inaandikwa kwa volti 21, 27128A kwa 12.5. TL866II Plus yako haifiki 21. Ukija kuazima kifaa kinachofika, usiipe 27128A hizo 21, utaichoma.

Bin_Maskati
28C256 achana nayo, ndugu yangu. Nilijaribu kwenye MSX ya Sakhr, kompyuta zile za zamani za Kuwait. Kwa 27256 mguu wa 27 ni A14, kwa 28C256 ni mguu wa kuamuru kuandika, na A14 imehamia mguu wa 1. Skrini tupu hadi nilipobadilisha nyaya. Halafu Atmel, watengenezaji wake, kwenye karatasi yao waliahidi data kukaa miaka 10 tu.

bibi_hex
Jamani, subirini. Mnashindania chipu mpya na "Geog 3" mmeiacha mezani. OS (programu endeshi) na BASIC zina nakala kila kona. Kazi ya mwalimu wa jiografia huenda iko moja tu duniani. Mrima, umeisoma? Stika usiiguse.

Mrima_Leicester
Aah, kona moja nilishaibandua, nimeirudisha. Nimesoma mara tatu. Mbili zinalingana, ya tatu imetofautiana baiti moja. Mbili zina "(G) 1985", ya tatu ina "(C) 1985". Nimezichukua zile mbili kuwa sahihi, au?

bibi_hex
Hapana mwanangu, kura za wengi hapa hazisaidii. C ni 43 kwa heksa (namba za msingi wa 16), G ni 47. Tofauti ni biti moja, iliyotoka 0 kwenda 1. EPROM iliyofutika ni 1 tupu, maana yake chaji ikivuja, biti huelekea upande huo huo. Kusoma kumoja kukitoa 0 na kwingine 1, amini 0.

Na ndiyo sababu mashine haiioni. Baiti ya 7, ukihesabu kuanzia sifuri, inaielekeza BBC mahali pa kutafuta sifuri ikifuatwa na "(C)". Isipoikuta, inaipita ROM kama soketi tupu.

Kama kifaa chako kinaruhusu, shusha VCC, umeme unaoilisha chipu, hadi volti 4.5. Chaji iliyopungua husomeka vizuri zaidi hapo. Soma mara kumi, kisha unganisha mafaili yote kwa AND, yaani biti ikiwa 0 kwenye faili hata moja, ibaki 0.

pini28
Nakazia. Na weka mafaili ghafi yote kumi, sio hilo la AND peke yake.

Mrima_Leicester
Mrejesho: kwa 4.5 zote kumi zimetoa "(C)", zinalingana baiti kwa baiti. Nimeandika kwenye W27C512 mara nne kama alivyosema fundi_bodi, na *HELP imeitaja! Ile ya zamani imerudi kwenye sponji yake na stika nyeusi juu.

Sasa imenichorea pwani na inauliza mto gani unaingia Bristol Channel. Ni Severn, sivyo? Nimekosea mara mbili, nahisi inataka herufi kubwa.

fundi_bodi
Bonyeza CAPS LOCK mkuu 😂